Vichwa vyangu vya udongo vinalipuka motoni, nifanye nini?

Dereva Mstaafu, Jinja
Salamu wote. Nina miaka 61. Nimeendesha trela Mombasa–Malaba–Kampala miaka 28 mpaka mgongo ukakataa. Mwaka jana nimekaa tu hapa Walukuba, mjukuu akaja na rangi zake za nta: "Jajja (babu), nichoree lori." Nikachora Scania, taa zote, mpaka vumbi la nyuma. Posho na maharage vikapoa mbele yangu.

Nilikuwa na turubai kuukuu, lile la pamba la zamani. Nikalikata vipande, nikavigongelea kwenye mbao za masanduku, nikapaka rangi ya mafuta iliyobaki ya geti. Foleni ya mpakani Malaba usiku, mama wa chapati, utingo amelala chini ya trela.

Halafu nikaingia kwenye udongo. Nauchukua bondeni upande wa Masese, nafinyanga vichwa vya watu ninaowakumbuka. Cha kwanza kilikuwa cha huyo utingo wangu, marehemu sasa. Nikakianika siku 3, nikakitia kwenye moto wa kuni. Pu! Jirani akadhani mtungi wa gesi. Limebaki sikio moja, nimeliweka dirishani. Cha pili na cha tatu hivyo hivyo.

Na swali la aibu kidogo: haya yote mpaka nikasome Makerere na watoto wadogo? Mke wangu anasema ni kichaa cha uzee. Lakini nikitoka anaiangalia ile picha, nimemkuta.

Mfinyanzi, Mukono
Mzee, pole. Kichwa chako kilikuwa kimejaa udongo mpaka ndani, sivyo? Nje kimekauka, ndani kibichi. Maji yakigeuka mvuke yanataka kutoka, yakikosa njia yanapasua.

Kifinyange, kiache kishike kidogo, kikate kisogo kwa waya, komba udongo wa ndani mpaka ukuta ubaki unene wa kidole. Ukirudisha kisogo, chana mistari pande zote mbili, gundisha kwa uji wa udongo, uache tundu shingoni. Udongo wako pia uchanganye na vigae vya chungu vilivyotwangwa na kuchekechwa, kama fungu 1 kwa 5. Kianike kivulini ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), wiki 2 au 3, ukifungua kidogo kidogo. Siku ya kuchoma kiweke shavuni: kikiwa cha baridi, bado kina maji. Anza na moto mdogo wa moshi, saa nyingi. Bibi yangu alianza na majani makavu tu, na hakuruhusu mtu kuharakisha.

Mwalimu, Entebbe
Shule inasaidia, sitadanganya. Lakini hata ile ya sanaa ya Makerere ilianzia kwenye veranda ya mwalimu Margaret Trowell, mwaka 1937. Na kile kichwa cha kale cha udongo cha Luzira kilichofukuliwa mwaka 1929 kwenye kilima cha gereza, leo kiko British Museum, London. Aliyekifinyanga hakuulizwa cheti. Ukija Kampala, simama kwenye Sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba, yule Mkenya. Watu wanapiga picha mbele. Wewe zunguka nyuma, uone alivyozungusha zile kamba mwilini.

Fundi wa bodi, Katwe
Rangi ya geti juu ya pamba tupu? Banange! Mafuta yanaozesha kitambaa. Paka kwanza gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ikikauka rangi nyeupe ya maji mara 2, ndipo mafuta. Usikunje picha, itapasuka. Na hiyo foleni ya Malaba bei gani?

Dereva Mstaafu, Jinja
Asanteni sana. Kweli kilikuwa kimejaa, nilifikiri ndiyo nguvu. Leo nimekata kisogo cha utingo mpya, nimekomba kwa kijiko cha sigiri. Vigae anatwanga mke wangu, eti ili nisije nikavunja vyungu vyake vizima.

Fundi, ile picha siuzi. Utingo yumo.