Kurudisha msitu: miche ya kitalu, visiki hai, au kufunga eneo?

Mwanakikundi
Wakuu, mashamba ya kikundi chetu yanapakana na kilima kilichobaki vichaka baada ya miaka mingi ya kuchoma mkaa. Tumekubaliana kurudisha miti, kilimani na mashambani pia. Ila tumegawanyika: wapo wanaotaka kitalu na miche, wapo wanaosema tukuze visiki hai, na wazee wanataka eneo lifungwe tu, mifugo isiingie. Maji ni ya shida na nguvu kazi ni yetu wenyewe. Mngeanza na ipi?

Chipukizi
Kabla ya kujaza udongo kwenye kiriba hata kimoja, tembeeni kilima chote mtazame visiki vinavyochipua. Hivyo vichaka mara nyingi ni miti iliyokatwa, mizizi yake bado ina uhai. Mzizi wa zamani umeshafika kwenye unyevu, ndiyo maana chipukizi lake huupita mche wa kitaluni kwa mbali.

Kazi yenyewe: chagua machipukizi mawili hadi matano yaliyonyooka, ondoa mengine, pogoa matawi ya chini bila kuvuka nusu ya urefu, funga alama ili kila apitaye ajue kinatunzwa. Halafu urudie kila yanapochipua mengine. Kule Niger, mikoa ya Maradi na Zinder, wakulima walianza hivi miaka ya 1980, na eneo lililorudi miti linakadiriwa kufika hekta milioni 5, sehemu kubwa bila kupanda mche.

Mama Kitalu
Kwa kilima nakubali kabisa. Kwa mashamba, hapana. Shamba lililolimwa kwa trekta miaka nenda rudi halina kisiki, hapo lazima upande. Tena kisiki kinakurudishia kile kilichokuwepo tu. Mti uliokwisha kabisa katika eneo, na miti mama iko mbali, hauwezi kurudi wenyewe.

Mkianzisha kitalu, msichume mbegu za mti mmoja mzuri ulio karibu na njia. Chumeni kwenye miti mingi iliyoachana, kama 30 hivi, la sivyo mtapanda ndugu watupu na ugonjwa mmoja utaimaliza yote. Miche isikae kwenye viriba hadi mizizi ijikunje. Wiki chache kabla ya kupanda, punguzeni maji na kivuli ili ikomae. Na msikimbilie mvua ya kwanza, subirini udongo ulowe hadi chini.

Mlinzi wa Malisho
Msiwapuuze wazee. Shinyanga, Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani: malisho yanafungwa wakati wa mvua, yanafunguliwa kiangazi majani ya kwingine yakiisha. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 uliijenga kazi juu ya desturi hiyo, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa na miti.

Lakini tazameni nani anabeba mzigo. Mwenye shamba kubwa ana majani yake. Asiye na shamba, na mama anayeokota kuni pale kilimani, ndio wanaofungiwa. Wasipokuwepo kwenye kikao cha kuamua, wataingia usiku, na siwezi kuwalaumu. Fungeni sehemu kwa sehemu, kuni kavu ziruhusiwe, na adhabu iandikwe kwenye sheria ndogo za kijiji.

Hatimiliki
Mimi ningetanguliza swali hili kabla ya yote matatu: mti ukikua ni wa nani? Huko Niger mnakokutaja, zamani miti ilihesabiwa mali ya serikali hata ikiwa katikati ya shamba la mtu, basi mkulima akawa anaing'oa ikiwa michanga. Mambo yalibadilika pale alipoanza kuamini kwamba mti wa shambani kwake ni wake. Ulizeni pia kuhusu vibali vya kuvuna, na kwa mashamba ya kukodi elewaneni na mwenye ardhi kwa maandishi.

Chipukizi
Hatimiliki, umegusa penyewe. Nimeona visiki vizuri vikifyekwa kwa sababu hiyo tu.

Mwanakikundi
Ahsanteni sana. Basi kilimani ni visiki hai, tukifunga sehemu moja moja. Mashambani tupande nini? Wengi wanataka mikaratusi kwa sababu inauzika haraka.

Mama Kitalu
Mikaratusi iwe na eneo lake, mbali na chemchemi na mbali na mazao, maana inakunywa maji mengi. Mgrevilea unavumilia kupogolewa, unafaa mipakani. Kwa mahindi, mti ninaoupenda kuliko yote ni Faidherbia albida: hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo mazao hayanyimwi jua, huongeza naitrojeni kwenye udongo, na maganda yake ni chakula cha mifugo. Mwanzoni unakawia, muwe wavumilivu. Mti mgeni mnaoahidiwa kwamba unaota popote, uulizeni maswali kwanza. Mathenge, mti wa miiba (Prosopis), uliletwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 kuzuia jangwa, leo umevamia malisho na wafugaji wanalia.

Mlinzi wa Malisho
Na mkitoa taarifa kwa wanachama, msihesabu miche iliyopandwa. Hesabuni iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, kila shamba peke yake, ili mjue wapi ni mchwa, wapi ni mbuzi, na wapi mwenye shamba hakutaka miti tangu mwanzo.