Kampuni kubwa inataka kushirikiana nasi kwenye kifaa cha kupima unyevu wa mahindi, tusaini au tusisaini?

fundiwaya:
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri wenu kabla mambo hayajaharibika. Mimi na wenzangu tumetengeneza kifaa cha kupima unyevu wa mahindi, unajaza punje kwenye kikombe chake, unabonyeza, jibu linasoma kwenye simu. Waliowahi kuuza soko la mahindi la Kibaigwa, Dodoma, wananielewa, unashusha gunia, mnunuzi anang'ata punje mbili tatu anakwambia haya mabichi, bei inashuka hapohapo na huna cha kubishia. Wengine wanatikisa mahindi na chumvi kavu kwenye chupa, chumvi ikiganda ukutani basi hayajakauka. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi 13.5%, sasa nani anaijua 13.5% kwa meno?

Kuna kampuni ya nafaka imetuita, inasema inapokea ubunifu wa watu wa nje. Kikao cha kwanza kilienda vizuri. Kabla ya cha pili wametutumia fomu ya kusaini na wanataka tubebe michoro ya sakiti, programu nzima, na jedwali letu la vipimo, lile linalogeuza namba iliyosomwa na kifaa kuwa asilimia ya unyevu. Kwenye fomu kuna kipengele kinasema chochote kitakachobaki kichwani mwa wafanyakazi wao baada ya vikao, wako huru kukitumia. Kingine kinasema maboresho yote yatakayotokana na ushirikiano ni mali yao. Mwenzangu mmoja anasema tusaini tu nafasi kama hii hairudi. Kampuni zilizozoea kufanya kazi na watu wa nje huwa zinagawanaje hivi vitu?

MamaGhala:
Mwanangu mimi nipo kwenye mazao miaka mingi, saini. Wao wana maghala mikoani, wana magari, wana wateja, nyie mna kifaa kizuri ambacho hakuna anayekijua. Mkikaa nacho ndani mwakani mtakuta kimetoka kingine cha bei rahisi.

wakili_kijana:
Shikamoo Mama, kwenye soko uko sahihi kabisa ila kwa fomu hiyo hapana. @fundiwaya hicho kipengele cha "kitakachobaki kichwani" ndo cha kufuta kwanza, maana kinaua ahadi yote ya kutunza siri, mhandisi wao akiangalia mchoro wako nusu saa akaukumbuka basi kashaupata bure. Halafu mkataba unatakiwa utenganishe mlichokuja nacho na mtakachozalisha pamoja. Mlichokuja nacho kinabaki chenu, kiorodhesheni kwenye kiambatanisho, tarehe na toleo la programu, wote msaini. Cha pamoja ndo mnajadiliana.

Programu ina hakimiliki toka mlipoiandika, ila isajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mpate ushahidi. Kama namna kifaa kinavyopima ni mpya kweli, ombi la hataza (patent) liende BRELA, wasajili wa hapa kwetu, au ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu kule Harare, KABLA ya maonyesho au mtandaoni, ukishaitangaza hadharani unaweza kukosa sifa ya upya. Na hataza peke yake haitoshi, Robert Kearns wa Marekani alikuwa nazo za waipa za gari, akaishtaki Ford mwaka 1978, hela za Ford, dola milioni 10.2, kazipata 1990. Mnayo hiyo miaka?

Sega:
Mimi nimekaa upande wa pili, kitengo cha bidhaa kwenye kampuni kubwa, niwaambie kitu watu hawakijui: kampuni nayo inaogopa. Ukinionyesha siri yako na kumbe sisi tulishaanza kitu kama hicho, kesho utasema tumeiba na mimi sina pa kujitetea. Ndo maana Procter & Gamble, kampuni ya Marekani ya sabuni na pampers, kwenye mpango wao wa kupokea ubunifu wa nje, Connect + Develop, wanakutaka utume maelezo yasiyo ya siri tu, siri inakuja baadaye wakishajua wanakuhitaji. LEGO nao, wale wa vitofali vya kuchezea, kwenye LEGO Ideas ambako watu wanapeleka miundo yao, masharti yapo wazi toka mwanzo, kura 10,000 ndo unaingia kujadiliwa, seti ikitoka mbunifu anapata 1% ya mauzo halisi na haki zinakuwa za LEGO. Unaweza usiipende ila unajua unachoingia. Kampuni inayodai michoro yote kikao cha pili bado haina utaratibu, au inao na si mzuri kwenu.

Hebu niulize, kati ya hivyo vitatu wanavyotaka, michoro, programu na jedwali, kipi kilichowasumbua zaidi kukipata?

fundiwaya:
Jedwali mkuu, bila kufikiria. Kila aina ya mbegu tulipima sampuli, tukakausha kwenye oveni, tukapima tena uzito, tukalinganisha na namba ya kifaa. Sakiti fundi yeyote mzuri ataiga.

Sega:
Basi jedwali lisitoke. Liwekeni kwenye seva yenu, kifaa kitume namba na kipokee jibu. Wapeni vifaa vilivyofungwa wakapime ghalani wenyewe wajiridhishe, hicho ndo wanachohitaji kuamua, mchoro wa nini? Wakitaka kuwa peke yao wapeni leseni ya mahindi tu, kwa muda maalum, na walipie. Maharage na mpunga mbaki nayo.

MamaGhala:
Hapo nimeelewa, kama wanapewa kifaa cha kujaribu mimi sina shida. Ila seva hiyo, ghala langu mtandao unakata kutwa nzima.

fundiwaya:
Asanteni sana, kesho tunawarudishia fomu bila vile vipengele viwili na tunaomba majaribio ya ghala moja. Mama la mtandao ni kweli, itabidi kifaa kihifadhi namba kikisubiri. Swali la mwisho, vipimo vitakavyokusanywa kwenye maghala yao ni vya nani?

wakili_kijana:
Andikeni kabisa, msiache hewani. Ombeni mtumie vipimo vyote kuboresha jedwali, wao watumie kwa manunuzi yao. Majina na simu za wakulima zitengeni, zile zina sheria yake ya taarifa binafsi ya 2022. Jibu la kampuni likija liweke hapa tulisome, ficha jina lao.