Kuzuru abasia ya Ballintubber kwa asiye Mkristo

Mwana wa Kuze
Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Dada yangu ni muuguzi katika kaunti ya Mayo, Ayalandi, na mwezi wa saba nitakapomtembelea amepanga tuzuru abasia ya Ballintubber, yaani kanisa la kale la watawa, ambamo Misa ingali inasomwa licha ya ukongwe wake. Mimi ni Mwislamu na huvaa buibui. Je, ni adabu kuingia, na kuna nini cha kutazama zaidi ya mawe?

Mzee wa Tudor
Ingia bila wasiwasi, mwanangu. Nilikaa Castlebar, mji wa jirani, miaka minne, na sikuona mgeni akizuiwa mlangoni. Abasia hiyo ilijengwa mwaka 1216 na Cathal Crobhdearg, mfalme wa Connacht, jimbo la magharibi mwa Ayalandi, kwa ajili ya makanoni wa Mtakatifu Augustino, yaani mapadre wanaoishi pamoja kitawa. Mawe ni mengi, kweli, lakini ukifika ndani inua macho. Mwaka 1653 askari wa Cromwell, jemadari wa Kiingereza, waliichoma, paa likateketea, ikanusurika dari ya mawe iliyo juu ya altare, na wenyeji wakaendelea kusali humo kwa zaidi ya karne mbili huku mvua ikiwanyea, nayo mvua ya kule haingoji masika. Sehemu wanapokaa waumini iliezekwa upya kwa ajili ya sherehe za mwaka 1966, za kutimiza miaka 750. Nakushauri uende wakati wa Misa, ukae viti vya nyuma.

Mpwani wa Kizingo
Shikamoo mzee, ila hapo kwenye Misa ningesita. Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, tunajua inavyokera mtalii anaposimama na kamera mlangoni pa Msikiti wa Mandhry watu wakiingia kuswali. Dada, ukiikuta Misa, weka simu mkobani, na watu wakienda kukomunika, yaani kupokea mkate uliobarikiwa, wewe baki umeketi, kwa kuwa hiyo ni ya Wakatoliki peke yao. Epuka pia Jumapili ya mwisho ya Julai, siku ambayo mahujaji wengi hupanda mlima Croagh Patrick. Njia yao ya kale, yenye kilomita 35 hivi, huanzia hapo hapo abasiani.

Mwana wa Kuze
Marahaba kwa wote wawili. Basi nitakwenda Jumanne, Misa ikishakwisha. Je, buibui litatosha kwa baridi ya humo ndani?

Mzee wa Tudor
Halitoshi. Vaa sweta nzito chini yake, na soksi za sufu.