Sensa (kihisi) ya AdBlue inakataa hata majimaji mapya

Muulizaji: Ndugu mafundi, eskaveta ninayoihudumia inaonyesha kosa la ubora wa AdBlue (majimaji ya urea ya kusafisha moshi wa injini ya dizeli) na injini imepunguza nguvu, ingawa tangi lake limejazwa kutoka kwenye dumu lililokuwa na lakiri. Je, ninunue sensa mpya?

Fundi Mitambo: Usinunue bado, ndugu yangu. Majimaji halali yana urea asilimia 32.5, na yaliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini. Kwa hiyo chota kidogo kutoka ndani ya tangi lenyewe, wala si kwenye dumu, ukayapime kwa refraktomita ya urea, yaani kifaa cha kupima kiasi cha urea kwa kutumia mwanga. Sensa nyingi za aina hii hupima kwa mawimbi ya sauti, na mapovu yanayobaki baada ya kujaza huweza kuzidanganya. Ukiona utando wa mafuta juu ya majimaji, dizeli imeingia, na tangi zima lazima limwagwe na kusafishwa.

Fundi Umeme: Kipimo kikiwa sahihi, nenda kwenye nyaya. Zima swichi, lakini usikate betri mpaka pampu imalize kurudisha majimaji tangini. Kisha fungua plagi ya sensa: unga mweupe kwenye pini ni urea iliyoganda, nayo hula shaba kabisa. Pima umeme unaoifikia sensa huku ukitikisa nyaya, kwa sababu mtetemo wa mitambo hukata waya ndani ya ganda lisiloonyesha jeraha lolote.

Muulizaji: Nashukuru sana. Pini mbili zina unga huo, nitaanzia hapo.