Mkutano mkuu wa chama cha mshairi chenye wanachama nchi saba: tarehe, akidi na ada vikaeje?

Mwambao_T

Habari za humu, wakuu.

Kuna rasimu ya katiba ya chama cha kimataifa kitakachoshughulikia kazi za Shaaban Robert. Waliojiandikisha ni 140: wengi wako Tanga, Dar, Unguja na Mombasa, wengine Muscat, Lubumbashi, Berlin, London na Marekani. Kifungu cha mkutano mkuu kinasema: "Mkutano Mkuu utafanyika kila mwaka tarehe 1 Januari, siku aliyozaliwa mshairi, na akidi itakuwa theluthi moja ya wanachama wote." Kimeishia hapo.

Vyama vya aina hii vilivyodumu huko duniani vinaendeshaje shughuli zao za mwaka? Kongamano la wasomi na mkutano mkuu ni kitu kimoja? Akidi ya theluthi (yaani idadi ya chini ya waliopo ili mkutano uwe halali) ni sawa? Na ada za kutoka nchi saba zinakusanywaje bila mhazini kuchanganyikiwa? Mwenye kujua anifafanulie, hata kwa ukali.

Kinu_na_Mchi

Mkuu, mkisajili kifungu hicho kama kilivyo, mwaka wa pili tu chama kimekwama.

Tuanze na tarehe. Shaaban Robert alizaliwa 1 Januari 1909, na siku yenyewe inavutia. Ila mwaka wenu wa fedha nadhani unafungwa 31 Desemba. Sasa mhazini atasoma hesabu gani kesho yake asubuhi? Taarifa ya benki ya Desemba haijatoka, mkaguzi hajaona hata risiti moja, na nusu ya wanachama wako kwenye mabasi wakirudi kutoka kwao. Kumbukizi ya kuzaliwa ibakieni nayo Januari, msome mashairi na wanaoweza wafike Vibambani, Tanga, alikozaliwa. Mkutano mkuu usogezeni miezi mitano au sita mbele.

Vyama vya wenzetu vinatenganisha mambo haya. Chukua Emily Dickinson International Society, chama cha kazi za mshairi wa Marekani Emily Dickinson, kilichoanzishwa 1988. Mshairi huyo alizaliwa 10 Desemba 1830 na kufa 15 Mei 1886, lakini sherehe ya kuzaliwa na matembezi ya mashairi ya mwezi Mei huandaliwa na makumbusho yaliyo nyumbani kwake Amherst, jimbo la Massachusetts. Chama kina kazi yake nyingine: bodi, wanachama, jarida la kitaaluma lililoanza 1992, taarifa ya habari za wanachama, majopo kwenye makongamano makubwa ya fasihi ya Marekani, na mkutano wa mwaka ambao kwa kawaida huangukia kiangazi chao. Kila baada ya miaka kadhaa huhamisha shughuli nje ya nyumbani kwa kongamano la kimataifa: Kyoto 2007, Oxford 2010, Paris 2016. Jifunzeni hapo. Kongamano kubwa si la kila mwaka. Linakula fedha na nguvu za watu, na chama kinachojaribu kulifanya kila mwaka huishia kuwa kamati ya maandalizi.

Mkutano mkuu ndio wa kila mwaka, nao ni kikao cha dakika 90. Mkitaka, ufanyike ndani ya kongamano mwaka ambao lipo, lakini uwe na ajenda yake, orodha yake ya mahudhurio na mlango wake. Mgeni aliyelipia kongamano si mwanachama, na akinyoosha mkono wakati wa kura matokeo yanapingika.

Kuhusu akidi, theluthi ya "wanachama wote" 140 ni watu 47. Hamtawapata. Kwenye daftari kutakuwa na waliojiandikisha kwa shauku wakapotea, waliobadilisha namba, na waliofariki bila nyie kujua. Wote hao wanawapandishia akidi wakiwa hawapo. Andikeni "wanachama hai", maana yake aliyelipa ada ya mwaka husika kufikia siku 30 kabla ya mkutano. Kama waliolipa ni 90, moja ya tano yao ni 18, idadi inayopatikana hata mvua ikinyesha. Kisha ongezeni kifungu cha dharura: nusu saa ikipita bila akidi, mkutano unaahirishwa kwa siku zisizopungua 14, na wa pili utaendelea na waliopo, isipokuwa kwa mambo mawili tu, kubadili katiba na kuvunja chama. Bila kifungu hicho mtaahirisha mpaka uongozi upitwe na muda wake, na hapo hata benki haitawasikiliza.

Kalenda irudisheni nyuma kutoka siku ya mkutano. Siku 60 kabla, katibu anatoa tangazo la kwanza na kufungua mapendekezo ya wagombea na hoja. Siku 30 kabla, daftari la wapiga kura linafungwa. Siku 21 kabla, taarifa rasmi inatoka ikiwa na ajenda, kumbukumbu za mkutano uliopita, hesabu zilizokaguliwa na maandishi kamili ya kila hoja. Siku 7 kabla, ukumbusho. Mkutano ukiisha, rasimu ya kumbukumbu iwe imesambazwa ndani ya siku 14, watu wakiwa bado wanakumbuka nani alisema nini.

Dakika 90 zenyewe huwa nazigawa hivi: kuthibitisha kumbukumbu 5, yatokanayo 10, taarifa ya mwenyekiti 10, fedha 20, taarifa ya mhariri wa jarida 10, uchaguzi 15, hoja 15, mengineyo 5. "Mengineyo" isipitishe uamuzi wowote. Hapo ndipo mtu huchomeka hoja ya kubadili ada saa watu wameanza kuondoka.

Bodi msiichague yote kwa mpigo. Wakiwa tisa wa miaka mitatu, watatu watoke kila mwaka. Na katibu na mhazini wasimalize muda mwaka mmoja, au nywila za barua pepe na vitabu vya risiti vitapotea kwa pamoja.

mhazini_asiyelala

Naongezea upande wa fedha, maana hapo ndipo urafiki unapovunjikia.

Akaunti iwe ya chama. Benki itataka cheti cha usajili, katiba, na nakala ya kumbukumbu za kikao zenye azimio la kufungua akaunti na majina ya watia saini. Wekeni watatu, wawili kati yao watoshe. Kama mmoja anaishi ng'ambo, hakikisheni mapema kwamba benki inakubali aidhinishe kwa mtandao, la sivyo kila malipo yatasubiri likizo yake.

Ada zisipitie namba binafsi ya simu ya mhazini, hata akiwa walii. Chukueni namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la chama, halafu kila mwanachama apewe namba yake ya uanachama na aiandike kama kumbukumbu ya malipo. Kwa nini? Kwa sababu mzee wa Pangani atalipa kwa simu ya mjukuu wake, na kwenye taarifa litatokea jina la mjukuu. Malipo kumi ya namna hiyo yanatosha kuharibu daftari la wapiga kura: mtu amelipa, jina lake halipo, na anakuja mkutanoni na ujumbe wa simu mkononi akidai haki yake. Haki ni yake kweli.

Wa ng'ambo wasitume ada mmoja mmoja kwa uhamisho wa benki. Ada yenyewe ndogo, benki za katikati zinakata chao, na kinachofika hakilingani na kilichotumwa. Teueni mratibu Muscat, mwingine Berlin, akusanye, atume kwa mkupuo mmoja akiambatanisha orodha ya majina, namba za uanachama na kiasi. Gharama ya kutuma iandikwe kama matumizi ya chama. Usiikate kwenye ada ya mtu halafu ukamwambia hajakamilisha.

Hesabu zote ziwe kwa sarafu moja, kwa kiwango cha siku fedha ilipoingia. Ada ya mwaka ujao iliyolipwa Desemba isihesabiwe kuwa mapato ya mwaka huu. Mchango uliotolewa kwa ajili ya tuzo au jarida uwe na safu yake. Kuutumia kwa nauli za viongozi "kwa muda tu" ndiyo njia fupi kabisa ya kumpoteza mfadhili. Mkaguzi asiwe mjumbe wa bodi wala ndugu wa mhazini, na apewe vitabu wiki sita kabla ya mkutano.

Mwambao_T

Asanteni sana, tayari nimefuta nusu ya rasimu. Kama Januari haifai, mnaonaje 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani? Na mkutano wa mtandaoni kwa watu waliotawanyika hivi uwe saa ngapi?

BintiMagharibi

7 Julai imekuwa siku ya Kiswahili tangu UNESCO walipoitangaza mwaka 2021, lakini Tanzania ni Sabasaba pia. Dar inakuwa na maonesho ya biashara, vyumba vinapanda bei, barabara ya Kilwa hapapitiki. Kenya nako tarehe hiyo ina historia yake ya maandamano. Fanyeni Tanga, au chukueni Jumamosi ya karibu na tarehe hiyo.

Jumamosi nimeisema kwa sababu. Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Afrika Mashariki na Ulaya ni Jumamosi na Jumapili. Siku inayowakutanisha wote ni hiyo moja. Wasabato watawalalamikia, na wana hoja, kwa hiyo kura zifunguliwe mtandaoni siku 14 kabla na zifungwe saa 24 kabla ya kikao. Hiyo inaondoa pia kura za kunyoosha mikono kwenye skrini, ambapo watu watatu wamekaa mbele ya simu moja na hujui uhesabu mkono wa nani.

Saa: 10 jioni ya Dar. Angalia inavyokaa mwezi Julai. Dar ni 16:00, Alasiri imeshaswaliwa, na dakika 90 zikiisha ni 17:30, kabla ya Magharibi. Muscat ni 17:00 mpaka 18:30, na jua la Julai kule linazama karibu na 18:55. Lubumbashi na Berlin ni 15:00, London 14:00, New York 09:00. Wa California ni 06:00, hao wavumilie. Mkisogeza mbele saa moja tu mtaangukia Magharibi ya Dar na Muscat zote mbili, na wakati wa uchaguzi nusu ya vioo vitakuwa vyeusi.

Sasa jambo linaloharibu mikutano mingi kuliko yote: msiandike "saa 10" peke yake. Aliyeko Tanga atasoma saa kumi jioni. Aliyezaliwa Berlin na wazazi wa Kimombasa atasoma 10:00 asubuhi. Na katibu mwenyewe akijaza mwaliko kwenye kalenda ya simu, kidole kinaandika 10:00, simu inapokea asubuhi, na mwaliko unawafikia watu 90 ukiwa na kosa la saa sita kamili. Andikeni hivi: "Jumamosi, saa 10:00 jioni ya Afrika Mashariki, yaani 16:00 (13:00 UTC)", halafu chini yake orodha ya miji kwa tarakimu 24.

Kama siku moja mtahamia Machi au Novemba, kumbukeni Ulaya hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katikati hapo tofauti ya New York na Berlin si ile mliyoizoea. Ramadhani nayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyo salama leo iangalieni tena baada ya miaka michache.

Kinu_na_Mchi

Saa umeimaliza, Binti. Nina mawili niliyosahau.

Msajili. Tanzania Bara ni Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Zanzibar na Kenya kila moja ina sheria na msajili wake. Chagueni nchi moja ya usajili na mwiandike kwenye katiba, kwa sababu taarifa za mwaka na majina ya viongozi wapya yatapelekwa huko. Kwa Kenya mabadiliko ya viongozi yanatakiwa yafike kwa msajili ndani ya siku 14, kwa hiyo sehemu ya uchaguzi kwenye kumbukumbu isainiwe siku ileile, msisubiri rasimu nzima.

La pili ni la kitaaluma lakini litazuka mkutanoni: namna ya kunukuu. Wa Dickinson wana matoleo mawili makubwa, la Johnson la 1955 lenye mashairi 1,775 na la Franklin la 1998 lenye 1,789, na namba hazilingani. Ndiyo maana kwenye makala utaona J au Fr mbele ya namba, na msomaji anajua ashike kitabu gani. Kazi za Shaaban Robert zimechapwa na kuchapwa tena, na kurasa zinahama kutoka chapa moja hadi nyingine. Pitisheni azimio mwaka wa kwanza: jina la shairi na namba ya ubeti kwanza, ukurasa na mwaka wa chapa baadaye. Mhariri wa jarida ndiye alete hoja hiyo, ikiwa imeandikwa, ndani ya zile siku 21.

Mwambao_T

Moja la mwisho. Kumbukumbu ziandikwe kwa urefu gani? Kuna anayetaka kila neno liingie.

mhazini_asiyelala

Hapana. Hoja kwa maneno yake kamili, aliyeitoa, aliyeiunga mkono, kura za ndiyo, hapana na zisizoegemea upande, na idadi ya waliokuwepo wakati wa kura hiyo, siyo mwanzoni mwa kikao tu. Watu hutoka. Kama mlianza 22 na wakati wa kupitisha hesabu mmebaki 16, akidi ya 18 imeshavunjika na hesabu hazijapita.