Kufunga kishikio cha kisasa cha taya nne kwenye mashine kuukuu ya kukereza mbao

Swali
Mafundi, habari za kazi. Ninayo mashine kuukuu ya kukereza mbao, iliyoundwa Uingereza, ambayo mhimili wake una kipenyo cha inchi 1 na nyuzi 8 za skrubu kwa kila inchi. Nimenunua kishikio kipya cha taya nne chenye vipimo hivyohivyo, nacho kinaingia kwa mkono bila taabu, lakini mashine ikizunguka, gogo linayumba. Je, nichongeshe adapta, au mhimili umepinda? Aidha, nataka kuweka senta inayozunguka (ncha ya kuegemeza mbao) kwenye kichwa cha nyuma, yaani sehemu inayoshikilia mwisho wa pili wa gogo, pamoja na mota yenye kidhibiti cha mwendo.

Jibu la 1
Ndugu, usiulaumu mhimili kwanza. Huenda nyuzi zake ni za Whitworth, mfumo wa zamani wa Kiingereza, zenye pembe ya digrii 55, ilhali za kishikio chako ni za digrii 60. Katika inchi 1 mifumo yote miwili ina nyuzi 8, ndiyo maana vinaingiana. Hata hivyo, kazi ya nyuzi ni kuvuta tu, na kinachokiweka kishikio sawa ni bega la mhimili, yaani ukingo bapa ambapo nyuzi zinaishia. Weka vipande vinne vya karatasi nyembamba begani, kaza kishikio, kisha uvute kimoja kimoja: kinachotoka kwa urahisi kinaonyesha mahali pasipogusa. Katika mashine nyingi kuukuu uzi wa mwisho karibu na bega haukukatwa ukakamilika, kwa hiyo kishikio hukwama hapo kabla ya kufika. Fundi wa kukereza chuma anaweza kuupanua kidogo mdomo wa tundu la kishikio ili uupite uzi huo. Adapta ningeiepuka, kwa kuwa inausogeza uzito mbali na beringi.

Jibu la 2
Kuhusu senta, pima tundu la kichwa cha nyuma kwanza. Senta huingia humo kwa shina la koni ya Morse, lenye vipimo vya namba: namba 1 ina kipenyo cha milimita 12.065 kwenye upande wake mpana, na namba 2 ina 17.780. Bushi ya kupunguzia (mrija wa kati) huweka koni ndogo katika tundu kubwa. Kinyume chake haiwezekani kwa bushi, hivyo nunua senta ya namba ya tundu lako.

Jibu la 3
Mota ndiyo inayonitia wasiwasi. Ikiwa mhimili unazunguka ndani ya bushi za aloi laini (mirija inayobeba mhimili) badala ya beringi za gololi, mafuta na mwendo wa wastani ni lazima, hata kama kidhibiti kinaruhusu zaidi. Usiweke pia breki ya ghafla wala mzunguko wa kinyume pasipo skrubu ya kufungia kishikio kwenye mhimili, kwa sababu mhimili ukisimama ghafla, kishikio kizito huendelea kuzunguka na kujifungua chenyewe.

Muulizaji
Ahsanteni. Vipande vyote vinne vya karatasi vimetoka bila kuchanika, kwa hiyo kishikio hakifiki begani kabisa. Nitakipeleka kwa fundi wa chuma. Mota itasubiri hadi nifungue kichwa cha mbele nione bushi.