Geji ya presha ya oili kwenye Cessna 172M: sensa ifungwe wapi?

Mbawa_Juu:
Habari zenu wakuu. Ndege ni Cessna 172M, injini Lycoming O-320-E2D. Geji ya presha ya oili ni ile ya asili, inayoletewa oili yenyewe kwa kibomba hadi nyuma ya paneli, na sasa inavujia ndani. Mwenye ndege anataka geji ya kielektroniki. Sensa tuliyonayo ni ya waya tatu, 0–150 psi (paundi kwa inchi ya mraba). Je, inafaa kuikaza moja kwa moja kwenye tundu la injini? Nyuzi za fitingi nizizibe kwa kitu gani? Na nitajuaje kwamba inasoma ukweli kabla ndege haijaruka?

Fundi_Pistoni:
Mkuu, usiikaze sensa kwenye injini. Hili ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi hii, na linavutia kwa sababu nyuzi zinaingiana vizuri na kazi inaisha haraka. Sensa ina uzito, na ikining'inia kwenye nipo (fitingi fupi ya kuunganisha) mtetemo wote wa injini unaishia kwenye shingo ya fitingi, pale nyuzi zinapoanza. Hapo ndipo ufa unapozaliwa, na huuoni mpaka siku fitingi inakatika. Oili ikitoka hapo inatoka kwa presha ya 60 hadi 90 psi, na egzosti iko jirani. Sampu (chombo cha oili chini ya injini) ya O-320 hubeba kwati 8, karibu lita 7.6. Haichukui muda mrefu kuisha.

Sensa ikae kwenye faiwoli (ukuta wa kuzuia moto kati ya injini na chumba cha rubani), ishikwe kwa klempu ya chuma yenye mpira ya aina ya MS21919, na iunganishwe na injini kwa hozi inayopinda.

Upande wa injini tundu ni 1/8 NPT, yaani nyuzi za bomba zinazopungua upana kuelekea ncha. Fitingi nyoofu ni AN816-4, elbo ni AN822-4. Soma namba hadi mwisho: ikiwa na D, yaani AN816-4D, hiyo ni alumini. Kwenye injini weka ya chuma, isiyo na D. Ndani yake panatakiwa tundu dogo la kubana oili, kama milimita 1 hivi (inchi 0.040). Hozi ikipasuka angani, tundu hilo ndilo linalompa rubani muda wa kutafuta pa kutua. Pia linatuliza mapigo ya pampu ili namba isicheze. Mara nyingi fitingi ya zamani inalo tayari, kwa hiyo imulike kwa tochi kabla ya kuitupa. Ukiona mwanga unapita kwa upana wote wa bomba, tundu la kubana halipo, na usirudishe fitingi hiyo.

Hozi ni saizi -4, yenye gamba la kuzuia moto kutoka ncha hadi ncha. Iache na ulegevu kidogo, maana injini hutikisika sana kwenye mounti (fremu inayoibeba) wakati wa kuwasha na kuzima. Hozi iliyonyooshwa ikakaza itavuta fitingi kila mara. Isiguse egzosti, na isisuguane na mabomba ya mounti. Ukikuta hozi ya zamani ni ya mpira na imepita miaka 5, usihangaike nayo, badilisha.

Kingine: fitingi za ndege zina mdomo wenye pembe ya digrii 37. Zile za duka la spea za magari mara nyingi ni digrii 45. Zitakubali kukazwa pamoja, lakini zinagusana kwa ukingo mwembamba tu, kisha zinavuja zikipata joto.

Waya_Tatu:
Naongezea kuhusu kuziba nyuzi. Tepi nyeupe ya mafundi bomba isikaribie kazi hii. Kipande kidogo tu kikikatika kinakwenda kukaa kwenye lile tundu la milimita 1, na rubani anaona presha inashuka wakati injini haina tatizo lolote. Tumia dawa ya kuziba nyuzi inayostahimili oili na joto, na uache nyuzi mbili za kwanza bila dawa. Kaza kwa mkono mpaka igome, kisha spana mzunguko mmoja hadi miwili. Elbo ikipita uelekeo unaoutaka usiirudishe nyuma. Endelea mbele hadi ifike tena, na kama imekaza kupita kiasi, itoe uanze upya. Hii inahusu nyuzi za NPT tu. Upande wa mdomo wa digrii 37 haupakwi kitu, chuma na chuma vinazibana vyenyewe.

Umeme: waya tatu maana yake kuna volti 5 za kuingia, athi (njia ya umeme kurudi), na ishara. Athi ya sensa irudi kwenye geji yenyewe kama mchoro wa mtengenezaji unavyoonyesha, usiibandike kwenye boliti yoyote ya faiwoli. Kwa wanaosoma hapa wenye sensa ya waya mmoja: hiyo hupata athi kupitia mwili wake. Ukiifunga kwa klempu ya mpira na hozi ya mpira umeikata athi, na geji itasoma upuuzi. Lazima uiongezee waya wa athi. Pitisha waya mbali na nyaya za magneto (kifaa kinachotoa umeme wa plagi), vinginevyo namba itarukaruka kila RPM inapopanda.

Kupima: usitegemee injini peke yake. Hozi ikiwa bado haijaungwa na injini, ingiza hewa ya kompresa kupitia regyuleta, na uweke Tii yenye geji ya majaribio iliyopimwa. Simama kwenye 25, 60, 90 na 100 psi, ulinganishe na inachoonyesha paneli. Kama sensa yako ni ya 0.5 hadi 4.5 volti, basi kwa 0–150 psi ishara iwe volti 1.17 kwenye 25, volti 2.1 kwenye 60, na volti 2.9 kwenye 90. Volti zikiwa sahihi na namba ikawa mbaya, kosa liko kwenye mipangilio ya geji. Huwa imechaguliwa aina nyingine ya sensa.

Mkaguzi_5H:
Wakuu, kabla hata ya kushika spana kuna jambo la hati. Presha ya oili ni kipimo cha lazima. Geji mpya lazima iwe na STC (kibali cha kubadilisha muundo wa ndege) inayotaja 172M, na iseme wazi kwamba inaruhusiwa kuchukua nafasi ya geji ya asili. Zipo nyingi zilizoidhinishwa kama nyongeza tu, na kwa hizo geji ya zamani haitolewi. Hapo suluhisho lenu ni kurekebisha mvujo na kuendelea nayo. Kwa ndege ya usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, hati zifike TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kwanza, na kazi isainiwe na fundi mwenye leseni.

Alama zifuate kitabu cha ndege: mstari mwekundu 25 psi, kijani 60 hadi 90, mwekundu tena 100. Msiziache zile zilizotoka kiwandani na geji.

Na tundu la kibomba cha zamani kwenye faiwoli lifunikwe kwa bati la chuma kisichoshika kutu na dawa ya kuziba ya faiwoli. Mpira au alumini havizuii moto.

Mbawa_Juu:
Nashukuru sana wakuu. Swali moja: kwenye kibomba cha zamani kuna Tii yenye swichi ndogo ya waya mbili. Niiondoe?

Fundi_Pistoni:
Hapana. Karibu hakika hiyo ni swichi ya Hobbs, yaani mita inayohesabu saa za injini kufanya kazi. Ukiiondoa, saa za ndege hazihesabiwi tena na matengenezo yote yanapotea njia. Weka kizuizi cha chuma chenye matundu ya 1/8 NPT kwenye faiwoli, kibebe sensa na swichi kwa pamoja, kilishwe na hozi ileile moja.

Jaza hozi oili kabla ya kuifunga, ili presha isichelewe kuonekana. Washa bila kaulingi (vifuniko vya injini), RPM 1000. Presha isipoonekana ndani ya sekunde 30, zima. Ikionekana, acha injini ipate joto, zima, pitisha kitambaa cheupe kwenye kila kiungo. Kiungo kikavu kipake rangi ya alama, na ukitazame tena baada ya safari ya kwanza.